Tetemeko la Chumba cha Kati

Asubuhi ile kinyozi alikuwa ameshampaka mteja wake povu mashavu yote mawili na ameanza kunyoa upande wa kushoto, bintiye alipoingia kutoka uani na ujumbe. Mteja, karani mstaafu mwenye shingo ya mikunjo mingi, hakugeuka. Wateja wote wa pale walikwisha kujifunza kutogeuka.

"Baba, mama anasema kopo lake la maji ya moto limehamia huku bila ruhusa."

Kinyozi hakuyaondoa macho kwenye wembe. "Mwambie mama yako kopo halina miguu. Kama limehamia, limeletwa na shida."

"Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Usipunguze."

Vitana vilivyokuwa ndani ya glasi ya spiriti vikaanza kugongana. Kioo kikacheza kwenye msumari wake. Kinyozi aliuinua wembe kutoka shavuni mwa mteja, akasubiri kama mtu anayesubiri gari lipite, mpaka mtoto akaimaliza korido, akafika uani, akayatua maneno yake, na kila kitu kikatulia. Kisha akaendelea kunyoa. Karani mstaafu alisema tetemeko la leo ni dogo. Kinyozi akakubali kwamba la jana lilikuwa na nguvu zaidi.

Wateja walimwita mtoto huyo Posta, na jina lilimkaa vizuri kuliko lile la cheti cha kuzaliwa. Alikuwa darasa la tatu, mwembamba, mwenye kumbukumbu isiyodondosha hata neno. Nyumba yao ilikuwa ndefu na nyembamba. Mbele, penye mlango wa barabarani, ndiko baba alikonyolea. Nyuma, uani, chini ya mabati, mama aliweka vyombo vya kukodisha kwa wenye shughuli: marundo ya sahani, masufuria ya kulisha umati, na glasi, glasi nyingi kuliko watu wa mtaa mzima. Kando ya ua palikuwa na chumba cha wazazi, na katikati ya mbele na nyuma palikuwa na chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Hicho kilikuwa cha Posta.

Mume na mke hao walikuwa wamenuniana tangu mtoto akiwa hajaota meno ya mbele, na sasa alikwisha kuyang'oa na kuota mengine. Chanzo hakuna aliyekijua vizuri. Baba alikuwa na habari yake, mama alikuwa na yake, na habari hizo mbili hazikukutana popote. Wala usidhani walikuwa watu wabaya. Walikula meza moja, walilala kitanda kimoja, walimpenda mtoto wao kwa dhati, kila mmoja kwa zamu. Ila midomo yao ilikwisha kutiana kufuli, na ufunguo wakampa yeye. Walipokaa mezani uso kwa uso, chumvi ikiwa mbele ya mama, baba alisema: "Mwambie mama yako anisogezee chumvi." Posta alimgeukia mama, akasema: "Baba anasema umsogezee chumvi." Mama akaisogeza. Hata shuka likivutwa sana upande mmoja, Posta aliitwa kutoka chumba cha kati kwenda kulisemea.

Wahenga walisema mjumbe hauawi, na ni kweli, hakuna aliyekuwa na nia ya kumuua. Lakini wahenga hao hawakusema mjumbe hufanywaje.

Kutetemeka kulianza vidoleni. Kalamu ilimcheza darasani, herufi zikatoka na mikia. Kisha kope ya jicho la kulia ikawa inapepesa peke yake. Kisha tumbo likawa linamsokota kila Jumapili, siku ambayo wazazi wote wawili hawakuwa na kazi. Akawa anatafuna kucha, na zilipokwisha akatafuna ukosi wa sare. Mwishowe kutetemeka kukamtosha na kumzidi, kukatafuta pa kwenda, kukaingia sakafuni.

Majirani waliliona jambo hilo na wakajipanga nalo. Kufa kufaana. Mjane wa nyumba ya kushoto aligundua kwamba akiliegemeza chekeche la unga ukutani, upande wa chumba cha kati, unga hujichekecha wenyewe wakati yeye anapiga soga. Mwenye mtoto mchanga wa nyumba ya kulia alisogeza kitanda cha kichanga hadi kwenye ukuta huohuo, na kichanga kikawa kinalala fofofo kila ugomvi ukichacha. Muuza maziwa aliyekuwa akipumzika kibarazani siku moja alifunua ndoo yake akakuta siagi. Hakushangaa, aliuza siagi.

Baba naye hakukosa fungu lake. Siku moja Posta alipita na ujumbe mzito kuhusu ndugu wa upande wa mama, mashine ya kunyolea ikamcheza baba mkononi, na kijana aliyekuwa kitini akatoka na mistari ya mawimbi kuzunguka kichwa kizima. Kesho yake vijana walipanga foleni wakitaka mawimbi. Mashine peke yake haikuweza kuyachora. Ilibidi mtoto apite.

Posta mwenyewe alitaka jambo moja tu, na hakulificha: kutotumwa. Siku akiwa mgeni kwa shangazi yake, mahali ambapo kila mtu humwambia mwenzake anachotaka kumwambia, vidole vyake vilitulia kama vidole vya watu. Alijua chanzo chote kama ajuavyo njia ya shuleni. Alingoja tu aulizwe. Lakini mtoto akiumwa, wanaoulizwa ni watu wazima.

Shangazi mwenyewe alisema ni minyoo. Mjomba alisema ni sukari. Mwalimu alisema ni macho, akamhamishia dawati la mbele, na ubao ukaanza kucheza. Muuza duka la dawa alisema ni chai ya rangi, na kwa muda Posta akanywa maziwa. Mama alisema, na maneno yalikwenda mbele kwa njia ile ile, kwamba ni mkosi wa ukoo wa baba, kwani babu yake upande huo alikuwa na mkono unaocheza. Baba alijibu kwamba mkono wa babu ulikuwa ukicheza kwa sababu babu alikuwa akicheza ngoma.

Ndipo Posta alipojaribu ujanja. Mama alikuwa ametuma: "Mwambie baba yako nywele zake za dukani zimenijazia sahani, kama hawezi kufagia aseme." Posta alifika mbele, akasimama, akavuta pumzi, akasema:

"Mama anasema pole na kazi."

Vitana vilitulia tuli. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu maji kwenye beseni yalikuwa kama kioo. Posta alitazama vidole vyake, vimenyooka vyote, akafurahi mpaka akacheka.

Kinyozi alizima mashine. Alimtazama mtoto kwa muda.

"Mama yako hawezi kusema hivyo," alisema. "Rudi ukaniletee alichosema."

Mambo yakajulikana. Jioni Posta alipewa darasa refu kuhusu ubaya wa uongo, nusu na baba na nusu na mama, na kwa kuwa kila mmoja alitaka mwenzake asikie anavyomlea mtoto, kila nusu alipewa aipeleke upande wa pili. Glasi saba zilivunjika uani.

Hizo glasi ndizo zilizompeleka kwa daktari. Walikwenda wote watatu, Posta katikati. Daktari alikuwa mtu makini, hana haraka. Alimwambia mtoto anyooshe mikono, aguse pua, amimine maji kutoka kikombe hiki kwenda kile. Akapima sukari, akapima damu, akaigusagusa tezi ya shingoni, akauliza dawa anazotumia, usingizi, kuanguka, homa za utotoni.

"Homa alipata akiwa na umri gani?"

"Mwambie mama yako aeleze," alisema kinyozi, "yeye ndiye ajuaye kila kitu."

Posta akamwambia. Mama akaeleza. Muhuri wa daktari ukatembea mezani taratibu mpaka ukingoni, ukaanguka. Daktari aliuokota, akauweka kwenye droo, akafunga droo.

"Vipimo vyote ni safi," alisema. "Lakini mwili wa mtoto unaweza kutetemeka bila kuwa na ugonjwa wa damu wala wa tezi. Msongo wa mawazo unatosha. Niulize tu: nyumbani kuna ugomvi?"

"Hakuna," walijibu wote wawili kwa pamoja, na hilo lilikuwa neno la kwanza kulisema pamoja tangu harusi.

"Hamgombani?"

"Hatujawahi," alisema mama. Na hakusema uongo, maana kugombana kunataka watu wazungumze.

Daktari alimtazama Posta. Posta alifumbua mdomo. Lakini mama alikwisha kusimama na kusema huenda ni mbwa wa jirani, anabweka sana, na baba akasema, kwa daktari si kwa mke, kwamba naye alikuwa akimfikiria mbwa huyohuyo. Walipewa vidonge vya kuongeza damu na karatasi ya kurudi tena. Mbwa alihamishwa. Nyumba iliendelea kutikisika, mbwa akiwa mbali, hana hili wala lile.

Afisa wa matetemeko alikuja wiki ile lipu ya nyumba ya tatu ilipoanguka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti kubwa, na alibeba sanduku la bati lenye sindano inayochora mstari kwenye karatasi inayojizungusha. Ofisini kwao walikuwa wameyafuata matetemeko hayo kwa muda, wakadhani ni mlima, kisha wakadhani ni lori, kisha wakapiga mistari yao kwenye ramani ikakutana yote kwenye kitanda kimoja.

Posta alimfungulia mlango.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ninatafuta kitovu cha tetemeko."

"Ni mimi," alisema Posta. "Karibu."

Afisa alimshukuru, akaliweka sanduku lake katika chumba cha kati, akaketi ukingoni mwa kitanda. Sindano ilichora mstari mnyoofu. Posta aliruka kamba, mstari ukabaki mnyoofu. Akaimba, akasoma kitabu cha shule kwa sauti, akashindana na afisa kukaza macho bila kupepesa, akashinda. Mstari haukuwa na habari. Kisha sauti ya mama ikatoka uani: "Posta! Njoo umwambie baba yako!" Sindano ikaruka kabla mtoto hajainuka.

Afisa alisubiri mpaka aliporudi.

"Ulikuwa umebeba nini?"

"Maneno."

"Mazito?"

"Ya leo si sana. Ya Jumapili ndiyo mazito."

"Yanakaa wapi ukiyabeba?"

Posta alifikiri. Hakuwahi kuulizwa, na alitaka kujibu sawasawa. "Yakianza yanakaa hapa," alisema, akashika tumbo. "Yakijaa yanakuja mikononi. Yakizidi yanashuka chini. Mimi nawapelekea, lakini hawayachukui yote. Mengine yanabaki kwangu."

"Na ungependa nini?"

"Waambiane."

Afisa aliandika neno hilo moja. Alikuwa ameona milima ikipasuka na mito ikibadili njia, na hakuwahi kupewa chanzo kwa ufupi kama huo. Moyo ulimuuma, akakohoa ili usionekane.

Aliwaita wazazi. Baba alikuja na wembe mkononi, akiacha kitini kijana aliyenyolewa nusu. Mama alikuja akifuta glasi. Walisimama kila mmoja upande wake wa mlango, na afisa aliwaonyesha karatasi.

"Hapa mtoto anacheza," alisema. "Mnaona mstari ulivyo. Hapa mama amesema 'mwambie baba yako'. Hapa baba amesema 'mwambie mama yako'. Na hapa, kwenye karatasi ya ofisini, ndipo lipu ya jirani ilipoanguka. Si ardhi, si mbwa. Ni huku kumtuma. Mkisemezana wenyewe, nyumba itatulia, na huyu mtoto atatulia kabla ya nyumba."

 Posta aliwatazama, huyu na yule. Akaingiwa na tumaini, akaacha kutafuna ukosi.

"Kwa hiyo msingi wa nyumba ni imara?" aliuliza baba.

"Imara kabisa."

"Afadhali," alisema mama, akashusha pumzi. Kisha akamtazama mwanawe, na macho yakamlengalenga machozi ya kweli. "Masikini mwanangu. Kumbe tunakutesa." Akampiga busu utosini. Akainama, akamshika mabega. "Nenda ukamwambie baba yako kwamba kuanzia leo tusikutume tena."

Baba alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Posta alikwenda, akamwambia. Sindano ilikwenda mpaka ukingo wa karatasi ikarudi.

"Mwambie mama yako," alisema baba, naye sauti ikimkwaruza, "ni jambo jema na mimi naliunga mkono. Ila atakayeanza kuzungumza ni yeye, maana aliyeanza kunyamaza ni yeye."

"Mwambie baba yako mimi nilinyamaza kwa sababu ya alichosema."

"Mwambie mama yako nilichosema nilikwisha kukiombea radhi."

"Mwambie baba yako radhi ile aliiomba kwa nani, mbona mimi sikuisikia?"

"Mwambie mama yako nilikutuma wewe."

Hapo wote wawili walimtazama Posta. Alijaribu kukumbuka, yeye asiyesahau neno, na kweli alikumbuka: alikuwa mdogo mno wakati huo, hajui kusema vizuri, alipewa neno kubwa akalipeleka mpaka uani, akakuta mama anaosha sahani na maji yanapiga kelele, akalisema, halikusikika, akarudi kucheza. Alilieleza hilo kwa wote, polepole.

Afisa aliweka kalamu chini. Alidhani kazi yake imekwisha. Posta pia alidhani.

Glasi ilitulia mkononi mwa mama. Baba alitazama sakafu.

"Basi mwambie baba yako," alisema mama hatimaye, kwa upole mkubwa, "kwamba nimeisikia sasa."

"Mwambie mama yako nashukuru."

"Mwambie baba yako asijali."

Walipatana alasiri nzima. Lilikuwa tetemeko kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa mtaani. Kijana aliyeachwa kitini alipata mawimbi bila mashine kumgusa. Mjane alichekecha gunia zima, na kichanga cha kulia kililala mpaka mama yake akaenda kukiamsha. Walikubaliana kuhusu radhi, kuhusu ndugu wa pande zote mbili, kuhusu kopo, kuhusu nywele kwenye sahani, na kuhusu umuhimu wa kumpumzisha mtoto. Kila walipoelewana katika jambo moja, Posta alipeleka jingine. Lililobaki ni moja tu, la nani atafumbua mdomo kwanza, na hilo waliona si la kuharakisha.

Afisa alikunja karatasi zake. Mlangoni majirani walikuwa wakimsubiri. Mjane alitaka kujua kama matetemeko yatakoma, na kama yakikoma, yakome taratibu. Vijana wa foleni waliuliza kuhusu mawimbi. Afisa aliwaambia, kwa sauti ya mtu anayetamani kusema vingine, kwamba hayatakoma hivi karibuni. Wakamshukuru. Aliporudi kumuaga Posta alimpa mkono kama anavyopewa mtu mzima, na mkono ule ulimtetemesha mpaka begani. Akaandika kwenye taarifa yake kwamba eneo hilo ni la matetemeko ya kudumu, na wakazi wafunge makabati yao.

Wazazi waliufuata ushauri huo kwa moyo wote. Kabla jua halijazama walikwenda wote wawili chumba cha kati, jambo lisilotokea hata siku alipougua surua. Baba alikata raba za tairi kuukuu, mama akashona mito midogo ya kuwekwa chini ya miguu ya kitanda. Baba alipiga misumari upande wa kichwani, mama alishika mbao upande wa miguuni. Walifanya kazi vizuri sana pamoja. Posta alizunguka kati yao akipeleka nyundo, akirudisha mkasi, akipeleka msumari uliokuwa ukirukaruka kiganjani.

Walipomaliza, mama alimwambia apande, ajaribu. Posta alipanda, akalala chali. Kitanda hakikutikisika hata kidogo. Mama alikisukuma kwa mkono, akakisukuma tena, akatabasamu, na hilo halikuwa tabasamu la kumpa mtoto tu.

"Mwambie baba yako kazi yake nzuri," alisema.

Baba alikuwa upande wa pili wa kitanda, karibu kiasi cha kumshika mkewe mkono. Alikuwa amesikia, uso wote ulikuwa umemlainika. Alitulia, akasubiri aambiwe.

Posta akashuka, akakizunguka kitanda, akamwambia. Huko uani glasi zikaanza kulia.